Je, Wajua? Ngao ya Angani, Ukiitazama Kutoka Mbwajumali

Je, wajua kwamba mtambo wa ulinzi wa anga wa S-400 wa Urusi, ukifungwa kombora lake la masafa marefu kabisa, hufika kilomita 400? Ungesimikwa Mbwajumali, kisiwani Pate, ungefunika Mombasa kusini na Kismayu kaskazini. Nairobi ingebaki nje.

Lakini umbali huo ni wa shabaha iliyo juu sana. Mawimbi ya rada hunyooka, na dunia ni mviringo. Kombora linaloruka mita 100 juu ya bahari halionekani na rada ya mnara wa mita 20 mpaka likaribie kama kilomita 60. Wavuvi wa Kisiwa cha Pate hawahitaji kuchorewa jambo hili: jahazi likirudi kutoka bahari kuu, huonekana kwanza ncha ya mlingoti, halafu tanga, ndipo chombo chenyewe. Kwa sababu hiyo majeshi hupandisha rada nyingine kwenye ndege.

Je, wajua kwamba kombora la THAAD la Marekani halina kichwa cha baruti? Hulivunja kombora la adui kwa kuligonga tu, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 2 kwa sekunde, hata kwenye kimo cha kilomita 150. Lilitumika vitani mara ya kwanza Abu Dhabi, tarehe 17 Januari 2022, dhidi ya kombora la Wahouthi wa Yemen. Siku hiyohiyo mashambulizi mengine yalipenya, malori ya mafuta yakalipuka Musaffah, hukohuko Abu Dhabi, na watu watatu wakafa: Wahindi wawili na Mpakistani mmoja. Walikuwa wageni waliofuata riziki, kama ndugu zetu wengi wa Pwani walioko Ghuba hivi leo. Nikisoma habari za mitambo hii, ni hao ninaowafikiria kwanza.

Dhahran, Saudia, 25 Februari 1991: mtambo wa Patriot, ngao nyingine ya Marekani, ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila hesabu ilipunjwa kidogo mno. Punje hizo zikajumlika hadi sekunde 0.34. Kwa muda huo kombora la Scud, la Iraq, hukata zaidi ya nusu kilomita, kwa hiyo rada ililitafuta mahali lisipokuwapo. Wanajeshi 28 wa Marekani waliuawa kambini. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake.

Je, wajua kwamba mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, ikimsaidia Idi Amin wa Uganda vitani dhidi ya Tanzania, ililenga matangi ya mafuta Mwanza ikakosa? Mabomu yaliangukia hifadhi ya Saanane na kuua wanyama.

Na Mombasa, tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili ya Strela-2, ya kurushwa kutoka begani, yaliikosa ndege ya Arkia yenye abiria zaidi ya 250 ilipokuwa ikipaa. Siku hiyohiyo, Kikambala hakukuwa na bahati hiyo: bomu la hotelini liliua Wakenya 10, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakilaki wageni, na Waisraeli 3.

Tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, hawakupitia angani. Walikuja ardhini kabla ya mapambazuko, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege kadhaa, mojawapo ikiwa ya upelelezi.