Sura ya Tatu: Kompyuta ya Wauza Chai

Mwezi Novemba 1951, jijini London, kompyuta ilianza kupiga hesabu za mikate na keki. Mwenye kompyuta hiyo alikuwa J. Lyons & Co., kampuni iliyojulikana Uingereza nzima kwa migahawa yake ya chai. Kila wiki mtambo ulikokotoa thamani ya bidhaa zilizotoka kwenye matanuri ya kampuni, na kazi hiyo ndiyo inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya kawaida ya biashara kufanywa na kompyuta duniani.

Kwa nini wauza chai, na si benki? Jibu limo katika faida yao. Lyons iliuza vitu vidogo vidogo kwa watu wengi, na mlo mmoja uliiachia faida isiyofika hata peni moja. Biashara ya namna hii huliwa na upotevu mdogo unaojirudia: keki zilizolala, unga uliozidi kipimo, mfanyakazi anayelipwa huku hana la kufanya. Kuuona upotevu huo kulihitaji hesabu za kila siku, hesabu zikahitaji makarani, na mishahara ya makarani nayo ikaimega faida ileile waliyoajiriwa kuilinda.

John Simmons, mwanahisabati aliyesoma Cambridge na kuajiriwa na Lyons mwaka 1923, alihangaika na tatizo hilo miaka mingi kabla kompyuta haijakuwapo. Alipanga upya kazi za ofisi, akahoji kila fomu inajazwa kwa ajili ya nani. Naamini hapo ndipo penye kiini cha mafanikio yao. Mwaka 1947 kampuni ilipowatuma maofisa wake wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, kuichunguza teknolojia mpya huko Marekani, watu hawa walikuwa tayari wanajua wanachotaka kuiuliza. Walielezwa kwamba Chuo Kikuu cha Cambridge, nchini mwao wenyewe, kilikuwa kinaunda kompyuta chini ya Maurice Wilkes. Lyons ikachangia fedha mradi ule, kisha, kwa ufundi wa John Pinkerton, ikajijengea mtambo wake kwa mfano huo. Ukaitwa LEO.

Kasi yake ilikuwa kubwa. Karani mzoefu alichukua dakika kama 8 kukokotoa mshahara wa mtu mmoja. LEO ilichukua sekunde 1.5. Hata hivyo kampuni haikuukabidhi mtambo kazi ya mishahara moja kwa moja mpaka mwanzoni mwa 1954, ulipokwisha kuaminika. Walifanya vyema. Mfanyakazi aliyekosa mshahara wake hana haja na maelezo kuhusu hitilafu za mitambo.

Lakini kazi ninayoiona kuwa bora kuliko zote ilianza baadaye mwaka huohuo, nayo ni ya oda za migahawa, iliyokuwa karibu 150. Kila mgahawa ulikuwa na oda yake ya kawaida kwa kila siku ya wiki, imehifadhiwa kwenye kadi zilizotobolewa. Mwanamke aliyeusimamia alizungumza kwa simu na makao makuu akataja mabadiliko tu: kesho ongeza hiki, punguza kile. Mabadiliko yakatobolewa kwenye kadi, LEO ikayaunganisha na oda ya kawaida na kutoa jumla. Waokaji wakajua waoke kiasi gani, wapakiaji wakajua kila mgahawa upewe nini, wahasibu wakapata takwimu zao. Namba iliyoingizwa mara moja ilitumika kila mahali, na ilifika kabla unga haujakandwa. Ripoti hiyohiyo ingefika wiki moja baadaye, isingeokoa hata keki moja. Msimamizi naye alibaki na kazi ambayo mtambo haukuiweza: kujua kwamba mvua inakuja, au kwamba ofisi ya jirani inahama.

Miaka mingi baadaye, mantiki hiyohiyo ya faida ndogo ilionekana Kenya. Mkopo wa shilingi mia chache haulipi benki ikiwa ni lazima ofisa amhoji mkopaji na kukagua karatasi zake, kwa sababu gharama ya mahojiano huizidi faida. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa zilizindua M-Shwari. Rekodi za matumizi ya simu na za M-Pesa zilitumika kupima uwezo wa mteja, uamuzi ukafanywa na programu, na mkopo ukaingia kwenye simu bila mdhamini wala hati ya shamba. Gharama ya kuhesabu iliposhuka, mteja aliyekuwa mdogo mno kwa benki akawa mteja wa kweli.

Mwenye duka wa Kariakoo au Kongowea anayepokea malipo kwa simu anazo data za aina hii mkononi, na inasikitisha kwamba wengi hutazama salio tu. Aanze na njia ya Lyons, hata kwa daftari: aandike mauzo ya kawaida ya Jumatatu, ya Ijumaa, ya mwisho wa mwezi, kisha afuatilie tofauti peke yake. Baada ya miezi michache ataona ni bidhaa zipi zinazolalia mtaji wake. Programu ya kuagiza mzigo kila unapopungua inafaa baada ya hapo; ikiwekwa kabla, itaagiza kwa haraka vitu visivyouzika.

LEO haikuweza kuizuia migahawa ya Lyons isipungue wakati Waingereza walipobadili mazoea yao ya kula, na mwaka 1978 kampuni ilinunuliwa na Allied Breweries. Oda za jana hueleza habari za wateja waliokuja jana. Kwa hiyo katika daftari lako tenga safu moja zaidi, ya vitu ambavyo wateja waliulizia wakavikosa. Risiti haikatwi kwa mauzo ambayo hayakufanyika, na hakuna programu itakayoyajua usipoyaandika wewe au msaidizi wako wa dukani.