Sindano ya Mifupa kwa Mgonjwa wa Saratani ya Tezi Dume: Kila Baada ya Wiki Ngapi?



Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo. Kila mwanaume anayo. Saratani ikianzia hapo na kuchelewa kugunduliwa, huweza kusafiri mpaka kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo, nyonga na mbavu. Mzee huanza kulalamika mgongo. Watu wanasema ni uzee, au ni jembe. Kumbe sivyo.

Leo sielezi ugonjwa wote. Nataka tuzungumze juu ya sindano ya kuimarisha mifupa. Mama mmoja wa darasa la jioni aliniuliza hivi: "Mwalimu, baba watoto ameambiwa arudi hospitali kila baada ya wiki nne. Tumeshauza mbuzi wawili kwa nauli. Jirani yetu ana ugonjwa huo huo, lakini yeye anarudi baada ya wiki kumi na mbili. Nani anadanganywa?"

Huenda hakuna anayedanganywa. Tuone kwa nini.

Mfupa hauko kama jiwe. Uko hai. Ufananishe na nyumba ya udongo. Kila mwaka sehemu iliyochakaa inabomolewa, na udongo mpya unakandikwa. Ndani ya mfupa nako wako mafundi wawili. Mmoja anabomoa, mwingine anakandika. Kwa mtu mzima kiafya kazi zao zinalingana. Saratani ikiingia, mambo yanavurugika. Mabomoko yanazidi, na hata kinachojengwa kinakuwa hovyo. Mfupa unauma. Unaweza kuvunjika kwa kujikwaa tu. Sindano ya mifupa inamzuia yule fundi anayebomoa. Haiui saratani, na wala haiongezi damu. Kazi yake ni kupunguza hatari ya mifupa kuvunjika na mgonjwa kuhitaji mionzi au upasuaji wa mfupa.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanaume 643. Saratani yao ilikuwa imeingia mifupani, na matibabu ya kupunguza homoni ya kiume hayakuweza tena kuizuia. Kati ya kila 100 waliopewa maji yasiyo na dawa, kama 44 walipata madhara ya mifupa. Kati ya kila 100 waliopewa dawa yenyewe, ni kama 33. Kwa hiyo dawa inasaidia, ingawa haimlindi kila mtu.

Dawa hiyo inaitwa asidi ya zoledroniki. Hupitishwa kwenye mshipa kwa dripu, kwa muda usiopungua dakika 15. Ikiingizwa haraka inaweza kuumiza figo, kwa hiyo mzee asimhimize nesi kwa kuogopa kuachwa na basi.

Mwanzoni ilitolewa kila baada ya wiki 3 au 4. Baadaye wataalamu wa Marekani wakajiuliza: dawa hii inashika kwenye mfupa na kukaa muda mrefu, sasa kwa nini tumsumbue mgonjwa kila mwezi? Wakachukua wagonjwa 1,822 ambao saratani ilikuwa mifupani. Kati yao 689 walikuwa na saratani ya tezi dume. Nusu walipewa dawa kila wiki 4, nusu kila wiki 12. Waliwafuatilia miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kundi la wiki 4, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walipata madhara ya mifupa. Kundi la wiki 12, karibu 29. Yaani hakuna tofauti ya maana.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mwaka una wiki 52. Gawanya kwa 4, unapata safari 13. Gawanya kwa 12, unapata safari 4 na wiki chache zinabaki. Kwa mtu anayetoka kijijini kwenda Bugando kule Mwanza, au Ocean Road kule Dar es Salaam, safari tisa si jambo dogo. Kuna nauli, malazi na chakula, tena mara nyingi kwa watu wawili, maana mgonjwa hasafiri peke yake. Mimi naona kila familia ina haki ya kumwuliza daktari: "Je, mzee wetu anaweza kupata dawa hii kila baada ya wiki 12?" Kuuliza si utovu wa adabu.

Lakini ngoja. Hesabu hiyo ni ya asidi ya zoledroniki. Ipo dawa nyingine, denosumabu. Hii huchomwa chini ya ngozi, na kwa saratani iliyoingia mifupani kipimo chake ni miligramu 120 kila baada ya wiki 4. Haikai ndani ya mfupa kama ile ya kwanza. Ukiiacha, nguvu yake inaisha, na yule fundi wa kubomoa anarudi kazini kwa kasi. Kwa hiyo usiirefushe mwenyewe kwa sababu jirani anakwenda mara nne kwa mwaka. Kama safari zimewashinda, mwelezeni daktari mapema, atazame kama dawa inaweza kubadilishwa.

Wako pia wanaochomwa denosumabu ya miligramu 60 kila baada ya miezi 6. Hao saratani yao haijaingia mifupani. Wanakingwa tu, kwa sababu matibabu ya kupunguza homoni hufanya mifupa iwe myembamba. Na wapo ambao hawapewi sindano ya mifupa kabisa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kuanza zoledroniki mapema, wakati matibabu ya homoni bado yanaishika saratani, hakukupunguza madhara ya mifupa.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapochanganya. Ipo sindano nyingine ya kupunguza homoni, ambayo nayo huweza kutolewa kila wiki 4 au kila wiki 12. Hiyo inapigana na saratani yenyewe. Mzee akisema "nimeshachomwa ya mwezi huu," muulizeni ni ipi. Aliyeondolewa korodani kwa upasuaji huwa hahitaji hiyo ya homoni, lakini ya mifupa anaweza kuihitaji.

Kabla ya sindano ya kwanza, mgonjwa aonwe na daktari wa meno. Dawa zote mbili, mara chache, hufanya mfupa wa taya ufe na kidonda kisipone, hasa baada ya kung'oa jino. Jino bovu ling'olewe kabla. Akishaanza dawa, asing'olewe jino bila kusema anatumia nini. Kabla ya zoledroniki damu ipimwe kila mara kuangalia figo. Kalsiamu nayo ipimwe, kwani dawa zote mbili huishusha. Ndiyo maana wengi hupewa vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Visiachwe kabatini.

Baada ya dripu ya kwanza mwili unaweza kuuma na homa kupanda siku moja mpaka tatu. Lakini huku kwetu kuna malaria, kwa hiyo akapimwe.

Na kama mgonjwa wa saratani ya mifupa anapata ganzi miguuni, miguu inalegea, au anashindwa kuzuia mkojo, asingoje tarehe ya sindano. Uti wa mgongo unabanwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Tafuta daftari dogo. Mwombe daktari aandike jina la dawa kwa herufi kubwa, kipimo chake, na idadi ya wiki. Wewe andika tarehe. Akichomwa tarehe 5 Januari, na dawa ni ya kila wiki 12, hesabu siku 84. Katika mwaka wa kawaida, wenye Februari ya siku 28, utafika tarehe 30 Machi. Hapo mvua za masika zimeanza na barabara nyingine hazipitiki. Mpigie simu nesi wiki moja kabla, mpange siku nyingine.