Una gari lakini huna pa kulilaza? Hii inakuhusu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia. Namba ngeni. "Boss, hii Vitz ya kijivu ni yako? Kuja uitoe, nachelewa kazi." Unashuka orofa nne na malapa miguuni, kibaridi cha Kisii kinakuuma masikio. Unarudisha gari nyuma, jirani anatoka, unapanda tena juu na usingizi umeshaisha. Kama unaishi Mwembe, Jogoo, Nyanchwa au Nyamage, hiyo simu unaijua. Kama huijui, pengine wewe ndiye huwa unapiga.

Mimi nilianza kuipokea nilipopata gari. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, mjomba akanishika mkono, tukanunua Vitz iliyotumika nikaanza kubeba watu na mizigo midogo. Hilo gari ndilo kazi yangu. Lisipoamka, sili.

Ploti niliyokuwa nikiishi ilikuwa na nyumba 24 na nafasi sita za magari. Kila mwezi nililipa shilingi 1,000 juu ya kodi, eti ya pakingi, lakini nafasi ilikuwa ya anayewahi. Ukifika saa nne usiku, gari lako linalala nje barabarani. Usiku mmoja langu lililala huko. Asubuhi nikakuta vioo vya pembeni vimeng'olewa, vyote viwili. Nikamwendea keateka. Akaniangalia tu, akasema, "Kijana, hapa ni kujipanga." Ile elfu moja ya mwezi huo sikurudishiwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza swali ambalo labda nawe umewahi kujiuliza ukiwa umekasirika: kwani hakuna sheria ya mahali gari la mkazi linapofaa kulala?

Mchana tunalipa, usiku kila mtu na lake

Maegesho tunayoyajua huku ni ya mchana. Unaingia mjini, unapaki, mtu wa kaunti anakuja na kifaa chake, unalipa, unapewa risiti. Usipolipa, gurudumu linafungwa na siku yako imeharibika. Ukirudi mtaani jioni, hakuna anayekuuliza kitu, na hakuna anayekulinda pia. Ni wewe, jirani zako na keateka.

Wakati huohuo watu ni wengi na ardhi haiongezeki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, na mji wenyewe umekaa kwenye vilima. Mwenye ploti anajenga kwenda juu kwa sababu pembeni hakuna nafasi. Kila orofa anayoongeza inaleta wapangaji, na baadhi yao wanakuja na magari. Ua wa chini unabaki uleule.

Barabara unayopaki ni ya nani?

Kabla hujamlaumu mtu, jua kwanza gari lako limesimama juu ya kitu cha nani.

Kama ni barabara kuu, mfano ile A1 inayotoka Isebania, inapita katikati ya Kisii na kuendelea kuelekea Ahero, hiyo ni ya serikali ya kitaifa kupitia KeNHA. Hakuna kaunti inayoweza kukugawia kipande chake ukalaze gari.

Kama ni barabara ya mtaa, hapo kaunti ndiyo yenye neno. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inaweka usafiri wa kaunti mikononi mwa serikali za kaunti, na inataja waziwazi barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Soma tena hiyo orodha. Taa na maegesho viko kwenye fungu moja. Kwa hivyo ukilalamika kwamba vioo vyako vimeibwa gizani, lalamiko lako lina anwani moja.

Kama ni ndani ya ploti, hiyo ni kati yako na mwenye nyumba. Lakini hata hapo kaunti imepita kabla yako. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayejenga apate kwanza kibali cha ujenzi kutoka kaunti. Maana yake, kuna ofisi iliyoangalia ramani ya nyumba 24, ikahesabu nafasi sita za magari, ikapiga muhuri.

Wenzetu walifanyaje

Marekani nako kuna kaunti, na moja wapo ilipelekwa hadi Mahakama ya Juu kwa sababu ya pakingi. Kaunti ya Arlington, jimbo la Virginia, ilikuwa na mtaa wa makazi karibu na eneo la ofisi nyingi. Wafanyakazi walikuwa wanakuja asubuhi, wanaacha magari mbele ya nyumba za watu, wanaenda kazini. Kaunti ikatunga kanuni: siku za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hupaki mtaani humo bila kibali. Wakazi wakapewa kibali bure, na wakaweza kuchukuliwa vibali vya wageni wao pia. Waliofungiwa nje wakashtaki, wakidai wanabaguliwa. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ikasema kaunti haikukosea: inaruhusiwa kumtofautisha mkazi na asiye mkazi mradi kuna sababu ya maana, kama kupunguza msongamano na moshi.

Japani walishika njia nyingine. Tangu 1962 wana sheria kwamba kabla ya kusajili gari unaonyesha kwanza utalilaza wapi. Polisi wanathibitisha una nafasi halisi, nje ya barabara ya umma, isiyozidi kilomita mbili kutoka nyumbani. Huna nafasi, huna gari. Ni kali, lakini angalau hakuna anayekupigia simu saa kumi na moja na nusu.

Je, kibali cha mkazi kingesaidia huku?

Mimi naona kingesaidia, lakini kwa masharti. Fikiria mitaa iliyo karibu na soko la Daraja Mbili siku ya soko, au karibu na Hospitali ya Rufaa ya Kisii. Magari ya wageni yanajaza njia hadi mkazi akirudi hana pa kuingia. Kibali cha bei nafuu, kinachofungamanishwa na namba ya gari na nyumba unayoishi, kingempa mkazi nafasi yake na bado mgeni alipe kwa saa.

Sasa niambie ukweli: kikitangazwa kesho, nani atakuwa wa kwanza kukipata? Wewe, au binamu wa mtu anayejulikana ofisini, ambaye hata hakai mtaa huo? Tena wapangaji wengi hatuna mkataba wa maandishi, tuna risiti ya M-Pesa na neno la keateka. Kanuni ikidai hati ya nyumba, mwenye ploti atapata vibali sita na sisi tutabaki kupiga mluzi. Na kibali kisicho na mistari iliyochorwa barabarani, wala taa, ni stika tu ya kupamba kioo.

Halafu kuna Keroka. Kama hujafika, ni mji ulio kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, na mpaka wa Kisii na Nyamira unapita humohumo. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti hizi mbili zimekuwa zikivutana kuhusu nani akusanye ushuru pale, na wafanyabiashara na wenye matatu ndio wanaoumia katikati. Hebu jiweke pale: unakaa upande wa Nyamira, duka lako liko upande wa Kisii, hatua chache tu. Kibali chako ni cha kaunti gani? Risiti ya huku itaheshimiwa kule? Katiba, Kifungu cha 189, inaruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Maegesho ya Keroka yangekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu gari halijui mpaka.

Mswada ambao hatukuusoma

Sasa hapa ndipo nataka tuelewane, mimi na wewe. Mwaka 2024 tuliusoma Mswada wa Fedha wa kitaifa kifungu kwa kifungu. Ulikuwa na ushuru wa magari wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, usiopungua shilingi 5,000 kwa mwaka. Tulipiga kelele, ukaondolewa, na tarehe 26 Juni rais akatangaza hatatia saini mswada mzima. Vijana wenzetu walikufa barabarani kwa ajili hiyo.

Lakini ile ada unayolipa kila siku ukipaki mjini haitoki Nairobi. Iko kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti yako. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni bila sheria. Bunge la kaunti linapaswa kuupitisha mswada huo ndani ya siku 90 baada ya kupitisha bajeti, kwa hivyo kwa kawaida unajadiliwa kati ya Julai na Septemba. Na lazima wananchi washirikishwe. Vikao vinaitishwa, viti vinapangwa, wazee wachache wanakuja, wanakunywa soda, mambo yanapita. Sisi tuko wapi? Tuko kwenye simu tukilaani kanjo.

Kwa hivyo, haya ndiyo ya kufanya:

1. Kabla ya kuhamia, uliza kuhusu gari kabla ya kuuliza kuhusu maji. Nafasi ni ngapi, magari ni mangapi, na kama unalipia, nafasi yako iandikwe namba na iingie kwenye mkataba.

2. Kila ukilipa ada, dai risiti na uisome. Angalia ni ya kaunti gani na ya kipindi gani.

3. Andikia kaunti barua uombe jedwali la ada za maegesho, au ramani iliyoidhinishwa ya ploti yenu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu.

4. Kusanyeni sahihi mtaani mpeleke ombi rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki hiyo. Ombeni taa kwanza, mistari ya pili, kibali cha tatu. Mkianza na kibali mtauziwa karatasi.

5. Mswada wa fedha wa kaunti ukitangazwa, nenda. Beba majirani wawili, hata yule anayekupigia simu alfajiri.

Mimi nilihama ile ploti. Ninakoishi sasa ni mbali kidogo na mji na ninachoma mafuta zaidi kila asubuhi, lakini nafasi yangu imechorwa namba saba kwa rangi nyeupe, na namba saba iko kwenye mkataba wangu. Barua yangu ya kuomba ramani ya ile ploti ya zamani nimeshaituma. Nahesabu siku 21.