Msitu Miguuni pa Kristo

Wapendwa, wengi tumeiona picha ya sanamu ya Kristo, mikono imenyooshwa juu ya jiji la Rio de Janeiro, Brazil. Wachache tunaujua msitu unaoizunguka. Milima ile ya Tijuca ilifyekwa kwa ajili ya mashamba ya kahawa; vijito vikapungua, jiji likalia maji. Mwaka 1861 Mfalme Pedro wa Pili akaamuru miti ipandwe upya. Miongoni mwa walioipanda walikuwa watumwa, wasiomiliki hata kivuli chake. Leo ni hifadhi ya taifa. Sanamu ilikuja baadaye, 1931.

Adamu naye alikabidhiwa bustani aitunze (Mwanzo 2:15). Sisi tunaokunywa maji ya milimani, tumepanda mti gani? Na waliotupandia, tunawakumbuka?

Jumapili njema.