Je, Pikapu Ni Gari la Familia?

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana barazani baada ya swala ya Ishaa, katika mitaa yetu ya pembezoni mwa Dar es Salaam, ni hili la gari. Mtu aliyedunduliza fedha kwa miaka kadhaa, au aliyepokea kiinua mgongo, huanza kuuliza: anunue gari dogo la kutembelea, au anunue pikapu, ambayo itambeba yeye na itabeba na mzigo? Ushauri anaopewa aghalabu huelemea upande wa pikapu. Huambiwa kwamba gari dogo linakula tu, ilhali pikapu inakula na kulipa. Sisi tunaona kwamba ushauri huo ni sahihi kwa baadhi ya nyumba na ni hasara kwa nyumba nyingine nyingi, na kwamba tofauti baina ya nyumba hizo inaweza kujulikana kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Tuanze na chombo chenyewe. Pikapu zinazoonekana zaidi katika barabara zetu ni za Toyota, hasa Hilux, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1968, zikifuatiwa na za Isuzu, Nissan na Mitsubishi. Yenye kebini moja ina bodi ya urefu wa mita 2 na ushei, na hubeba takriban tani moja, yaani mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, au magunia 10 ya mahindi ya kilo 100. Yenye kebini mbili, ambayo ndiyo inayotamaniwa na wengi kwa sababu ya heba yake, huketisha watu watano, lakini nafasi hiyo ya watu imemegwa kutoka kwenye mzigo: bodi yake hubaki na urefu wa mita 1 na nusu hivi. Bati la mita 3 likilazwa humo, nusu yake itaning'inia nje. Kisha ipo kirikuu, ile Suzuki Carry na ndugu zake, iliyotengenezwa kwa kufuata sheria ya Japani ya magari madogo: injini isiyozidi sisi 660 na urefu usiozidi mita 3.4. Uzito ilioundiwa ni kilo 350, sawa na mifuko 7 ya saruji. Kwamba tunaziona zikipanda mlima na mifuko 15 si ushahidi wa uwezo wake. Ni ushahidi wa ujasiri wa madereva wake.

Jambo ambalo mnunuzi wa mara ya kwanza huwa halijui ni kwamba gari hili limeundwa likitarajia mzigo. Springi zake za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, navyo hulegea vizuri pale tu vinapolemewa. Bodi ikiwa tupu, gari hurukaruka kwenye kila shimo, na aliyeketi ndani hufika amechoka. Wakati wa mvua taabu huzidi, kwa kuwa uzito wa injini uko mbele ilhali magurudumu yanayosukuma yako nyuma, tena mepesi. Kona ya barabara ya udongo iliyolowa huweza kuliteleza gari lisilo na kitu kwa urahisi kuliko lililopakia. Kwa hiyo mtu anayetoka Chanika kwenda Posta kila asubuhi akiwa peke yake, na kurudi jioni akiwa peke yake, anachoma mafuta ya kusafirisha bodi iliyojaa hewa.

Tunaijua nyumba moja yenye watoto wanne. Baba ni mwajiriwa mjini, na familia ina shamba la michungwa Mkuranga. Walikuwa na Noah, wakaiuza, wakanunua pikapu ya kebini moja kwa hoja kwamba shamba linahitaji usafiri. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, ila haikuulizwa shamba linahitaji usafiri mara ngapi. Baba huenda Mkuranga mara mbili kwa mwezi, na mara nyingi hurudi na mkungu wa ndizi na kuni kidogo. Wakati wa mavuno wanunuzi huja na malori yao hadi shambani. Siku zilizobaki, pikapu humpeleka baba kazini. Mama humpeleka mtoto mchanga kliniki kwa bajaji. Wakubwa hugombania daladala kwenda shule, na jioni huwahi madrasa kwa miguu. Ikifika siku ya kwenda kuwaona wakwe Bagamoyo, mama na mtoto mchanga hukaa mbele, na watatu hupanda nyuma, wakafunikwa turubai. Bodi haina kiti wala mkanda. Breki ya ghafla inayorusha gunia humrusha pia mtoto, na mtoto ni mwepesi kuliko gunia. Nyumba hii ilikuwa na gari lililowatosha wote sita, sasa ina gari linalowatosha watatu, na hakuna aliyemuuliza mama kabla ya mauziano.

Hapo ndipo tunapoona uzito wa suala hili. Katika nyumba zetu gari hununuliwa kwa mazungumzo ya wanaume barazani, kisha upungufu wake huhisiwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akisubiri chini ya mti mvua ikinyesha. Anayetaka kujua kama pikapu inafaa nyumbani kwake, na amwulize kwanza mkewe ni safari zipi zinazofanywa na nyumba hiyo kwa wiki, za nani, na zikiwa na nini mkononi. Jibu lake litakuwa sahihi kuliko la fundi gereji.

Kinyume cha nyumba hiyo ni ya mume na mke wenye duka la vyakula Mbagala. Kwa miaka mingi walikuwa wakikodi kirikuu kuleta bidhaa kutoka Kariakoo, na mke ndiye aliyekuwa akiandika katika daftari kila safari: tarehe, mzigo, na fedha aliyopewa dereva. Walipofikiria kununua, hawakubuni, walifungua daftari. Waliona kwamba walikodi takriban mara tatu kila wiki, mfungo na mfunguo. Wakanunua pikapu ya kebini moja iliyokwisha kutumika, isiyo na urembo wowote, na bodi yake hujaa.

Hesabu ya jambo hili si ngumu, na tunamshauri kila mwenye nia aiandike kwa bei za mahali pake. Kwa mfano tu, tuseme safari moja ya kirikuu ya kukodi ni shilingi 40,000. Mwenye safari mbili kwa mwezi atatoa shilingi 960,000 kwa mwaka. Mwenye safari tatu kwa wiki atatoa shilingi 6,240,000. Sasa aandike upande wa pili gharama za kumiliki: matairi, oili, matengenezo, bima ndogo ambayo ni lazima kisheria hata gari likikaa wiki nzima bila kutembea, mahali pa kulilaza usiku, na thamani inayopungua kila mwaka. Mafuta nayo bei yake kikomo hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tangu mwaka 2017, ilipofutwa ada ya mwaka ya leseni ya gari na badala yake kuongezwa tozo kwenye mafuta, kila lita inayochomwa ina sehemu ya kodi ya barabara ndani yake. Kwa mtu wa kwanza, matairi manne peke yake yanaweza kumeza alichodhani anakiokoa. Huyo akodi. Wa pili ana sababu ya kuangalia magari. Asiye na daftari alianze leo na aliache lijiandike kwa miezi mitatu.

Wapo watakaosema: siku ambazo sina mzigo, nitabeba wa watu wengine na gari litajilipa. Hapa msomaji ajue kwamba anatoka katika suala la nyumba na kuingia katika biashara. Gari la binafsi lina kibao cha namba cha njano; la biashara lina cheupe, nalo huhitaji leseni ya LATRA. Kisha atatafutwa dereva wa kuleta hesabu kila jioni, na anayelala na gari hilo kichwani sasa si dereva, ni mwenye gari. Biashara hiyo inaweza kuwa nzuri kwa anayeijua. Ila ipimwe kama biashara, isiingizwe nyumbani kwa jina la gari la familia. Na atakayeifanya akumbuke kwamba gari lenyewe halitolewi zaka, bali kipato chake, kikifikia kiwango na kupitiwa na mwaka.

Lipo pia suala la majirani, ambalo wauzaji wa magari hawalitaji. Siku pikapu inapoingia mtaani, inakuwa ya mtaa. Atakuja wa kuhamisha kabati, wa kuleta tofali, wa kupeleka viti vya maulidi, na kila penye msiba itatazamwa yeye wa kubeba jeneza kwenda makaburini. Sura ya Al-Maa'un inawakemea wanaozuia vyombo vya kusaidiana, na wafasiri walitoa mifano ya shoka, chungu na ndoo. Pikapu si ndoo, haichotewi maji na kurudishwa kama ilivyokuwa, lakini mwenye moyo wa kutoa atapata humo fungu kubwa la kheri. Anachohitaji ni kuweka masharti mapema na kwa uso mkunjufu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, aliyeazima kitu hukidhamini kikiharibika, isipokuwa kilichochakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa. Kwa Mahanafi hadhamini mpaka awe amevuka mipaka au amezembea. Maana yake, mambo matatu yatajwe wazi kabla ya ufunguo kutolewa: gari linakwenda wapi, linabeba nini, na nani anaendesha. Udugu mwingi umevunjika kwa springi moja iliyokatika bila ya mambo hayo kutajwa. Kwenye mazishi, desturi tuliyoizoea ya ndugu wa marehemu kuweka mafuta, na mwenye gari kuendesha mwenyewe, inafaa iendelee.

Kuhusu fedha ya kununulia, mkopo wa riba hauna nafasi katika mazungumzo haya. Tangu mwaka 2011 ipo Amana Bank, na baadhi ya benki nyingine nchini zina madirisha yasiyo ya riba. Njia inayotumika sana kwa magari ni murabaha, yaani benki hulinunua gari kisha ikamuuzia mteja kwa bei inayojulikana, naye akalipa kwa awamu. Uhalali wa mkataba, hata hivyo, hauondoi uzito wa awamu. Hudaiwa kila mwezi, bodi ijae isijae, na mwezi wake huwa pia ni mwezi wa ada za shule.

Aliyekwisha kupima yote hayo na akaona ananunua, basi atazame zaidi sehemu zisizopakwa rangi kuliko zile zinazong'aa. Ainue zulia la bodi, kwa sababu kutu huanzia pale maji ya samaki na chumvi yalipotuama. Alale chini aangalie chesisi kama ina alama za kuchomelewa, na ahesabu vyuma vya springi za nyuma upande kwa upande; ikiwa kimeongezwa kimoja, gari hilo lilizoea kubeba zaidi ya uwezo wake. Namba ya injini na ya chesisi zilingane na zilizo kwenye kadi, na jina lililo kwenye kadi liwe la anayeuza. Aende na fundi wake mwenyewe, amlipe yeye mwenyewe. Muuzaji asiyekubali gari lake likaguliwe aachiwe gari lake.