Mafahali Wawili katika Zizi la Chuma

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa muda mrefu, wanafizikia nao waliamini vivyo hivyo kuhusu usumaku na ile hali ya dutu kupitisha umeme bila ukinzani wowote, ambayo katika makala haya tutaiita upitishaji kamili. Chanzo cha makala ni ombi la mwanafunzi wa fizikia, jirani yangu hapa Loresho, aliyetaka nimsaidie kumweleza mamake kwa Kiswahili anachosomea. Nilikwama mapema kuliko nilivyotarajia.

Nyaya zinazopita juu ya barabara zetu hupoteza sehemu ya nishati kama joto, kwa kuwa elektroni hukumbana na vikwazo njiani. Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi takriban nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, ukinzani huo hutoweka. Nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer ya mwaka 1957 ilifafanua kuwa elektroni husafiri kwa jozi, kila moja ikiwa na mzunguko ulio kinyume cha wa mwenzake. Usumaku huelekea kuzivunja jozi hizo. Hivyo basi, chuma kilihesabiwa kuwa adui.

Mwaka 2008, Hideo Hosono na wenzake nchini Japani walitangaza kampaundi ya lanthani, chuma, aseniki na oksijeni, iliyotiwa florini, yenye upitishaji kamili hadi nyuzi 247 hivi chini ya sifuri. Mathalani, tutazame kampaundi nyingine, ya bari, chuma na aseniki. Ikiwa safi, atomi zake za chuma hujipanga kisumaku kwa mistari inayopingana. Sehemu ndogo ya chuma ikibadilishwa kwa kobalti, usumaku hudhoofika na upitishaji kamili huzuka. Katikati pana upenyo mwembamba ambamo vyote viwili huonekana.

Je, vinakaa pamoja vipi? Hapa ndipo nilipokwama, kwani "kukaa pamoja" kuna maana mbili. Katika githeri, mahindi na maharagwe hukaa sufuria moja ilhali kila punje imejitenga. Katika chai, sukari imo katika kila tone. Kampaundi yenye kobalti ni chai: elektroni zile zile hushiriki katika hali zote mbili. Aidha, vipimo vya nyutroni vilivyochapishwa mwaka 2009 vilionyesha kwamba upitishaji kamili unapoanza, usumaku hupungua. Mafahali hawa wamo zizini, lakini wanagombea majani yale yale. Hata hivyo, watafiti wengi huona kuwa mitikisiko ya usumaku ndiyo inayozifunga jozi za elektroni. Mjadala ungali wazi.

Mama yule alielewa githeri na chai mara moja. Alichouliza ni iwapo "chuma" ni sufuria yake pia, ambayo ni ya alumini. Swali lake ni la kiisimu: neno hilo hutaja elementi moja na pia metali kwa jumla. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya. Kazi ya kutenganisha maana za "chuma" haikufanywa na Katiba, imeachiwa sisi.