Maumivu Wakati wa Tendo la Ndoa: Endometriosisi na Njia za Kuyatuliza

Mwanamke wa Ngaramtoni, Tengeru au Sakina anapofika zahanati hueleza kwa urahisi kwamba tumbo linamuuma anapokuwa hedhini. Kwamba anaumia pia anapokutana na mumewe, hilo aghalabu hulificha. Mume naye, asiyeelezwa lolote, huenda akadhani kwamba hapendwi tena. Hivyo ugonjwa unaotibika hugeuka kuwa ugomvi wa nyumbani, na miaka hupita bila tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosisi huwapata takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani kote.

Katika maradhi haya, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji huo: juu ya vifuko vya mayai, nyuma ya mji wa mimba, kwenye kibofu au utumbo mpana. Tishu hiyo huchochewa na homoni za kila mwezi, husababisha uvimbe na makovu, na huweza kuvigandisha viungo vilivyopaswa kuteleza kimoja juu ya kingine. Wakati wa tendo la ndoa, viungo vilivyogandana huvutwa na kusukumwa, na mwanamke huhisi uchungu ndani kabisa ya nyonga, ambao huweza kuendelea kwa saa kadhaa au hata siku ya pili. Mwili nao hujifunza kuogopa: misuli ya sakafu ya nyonga hujikaza kabla ya kuguswa, na mkazo huo huongeza maumivu mapya juu ya yale ya awali.

Si kila maumivu ya aina hii ni endometriosisi. Maumivu ya mlangoni mwa uke huweza kutokana na ukavu, fangasi, michaniko ya uzazi au makovu ya ukeketaji, desturi ambayo Mkoa wa Arusha ni miongoni mwa mikoa ilikoenea zaidi nchini. Maambukizi ya nyonga nayo huleta maumivu ya ndani. Ndiyo maana mganga huuliza mahali panapouma, siku za mwezi maumivu yanapozidi, na kama kwenda haja kubwa wakati wa hedhi nako kunauma. Mgonjwa aliyeandika mambo hayo katika daftari kwa miezi miwili au mitatu humrahisishia sana kazi mtaalamu. Picha ya ultrasaundi huweza kuonyesha uvimbe wenye damu nzito ndani ya vifuko vya mayai. Lakini picha isiyo na kasoro haithibitishi kwamba ugonjwa haupo.

Matibabu huweza kuanza bila kusubiri upasuaji. Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni, zikinywewa baada ya chakula na kwa kipimo kilichoelekezwa, huwasaidia wengi. Mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo asizitumie bila ushauri. Vidonge vya uzazi wa mpango, sindano, kipandikizi na kitanzi chenye homoni hupunguza hedhi na kuituliza tishu hiyo. Kitanzi cha shaba hakina kazi hiyo, na huweza kuzidisha damu. Kwa kuwa homoni hizi huzuia mimba, anayetafuta mtoto apangiwe njia nyingine. Dawa zisipotosha, upasuaji wa kuondoa tishu na makovu huweza kuleta nafuu, ingawa ugonjwa huweza kurudi. Kutoka zahanati na kituo cha afya, mgonjwa huweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na inapolazimu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC mjini Moshi.

Sehemu nyingine ya tiba iko mikononi mwa wenye ndoa wenyewe. Kanuni ya kwanza ni kwamba uchungu ukianza, tendo lisimame. Kuvumilia huifundisha misuli kujikaza zaidi. Wachague siku zenye maumivu madogo, wasifanye haraka, na mkao uwe ule unaompa mke nafasi ya kuamua kina na mwendo. Kilainishi cha maji hupunguza msuguano. Mafuta ya kujipaka yasitumike pamoja na kondomu za mpira, maana huzipasua. Mitishamba ya kukausha uke iepukwe kabisa. Kupumua polepole na kuilegeza misuli ya nyonga, kwa mafunzo ya mtaalamu wa fiziotherapia, huwafaa wengi. Na siku ambazo haiwezekani, kukumbatiana na kuzungumza kunabaki kuwa sehemu ya unyumba.

Zipo dalili zisizongoja miadi: damu kutoka baada ya tendo, homa pamoja na uchafu wenye harufu, au maumivu makali ya ghafla kwa mwanamke aliyekosa hedhi, kwani huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba.

Happiness Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, aliuzungumzia ugonjwa wake wa endometriosisi hadharani, pamoja na upasuaji mwingi aliofanyiwa. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume. Kauli yake iliwapa wengi jina la jambo walilokuwa wakiliita chango tu. Mke anayeumia hana hatia ya kutompenda mumewe, na mume anayefuatana naye kliniki, akasikia maelezo kwa masikio yake mwenyewe, huwa amekwisha kuianza tiba.